Kujifunza fidla kwa video

Kujifunza fidla kwa video ni njia ya kuanza kupiga fidla (pia: violini) kwa kufuata masomo yaliyorekodiwa, kwa kawaida kupitia simu au kompyuta, badala ya kukaa mbele ya mwalimu. Njia hii hutumiwa hasa na watu walio mbali na shule za muziki. Katika Afrika ya Mashariki hao ndio wengi, kwa sababu walimu wa fidla wamejikusanya katika miji michache kama Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Mji wa Zanzibar. Makala hii inaeleza njia hiyo kwa kuangalia hali ya mwanafunzi wa Njiro, kitongoji cha kusini-mashariki mwa jiji la Arusha nchini Tanzania. Mengi yanayosemwa hapa yanamhusu pia mwanafunzi wa Moshi, Babati au Goma.

Historia

Kujifunza fidla bila mwalimu kuwepo si jambo la enzi ya intaneti. Francesco Geminiani alichapisha kitabu chake cha mafunzo ya fidla mwaka 1751, na Leopold Mozart, baba yake Wolfgang, alichapisha chake mwaka 1756. Vitabu hivyo vilikuwa na maelezo na michoro, lakini msomaji hakuweza kusikia sauti iliyokusudiwa. Katika karne ya 20 Shinichi Suzuki wa Japani (1898–1998) alijenga mbinu yake juu ya kusikiliza: mtoto asikie wimbo mara nyingi kutoka kwenye sahani ya santuri, jinsi anavyosikia lugha ya mama, kabla ya kuupiga. YouTube ilianzishwa mwaka 2005, na baada ya muda si mrefu walimu kama Todd Ehle wa Marekani walianza kuweka humo masomo ya bure kwa wanaoanza.

Pwani ya Waswahili ina historia yake ya kujifunza kwa kusikiliza na kutazama. Fidla ni ala ya kawaida katika taarabu ya Zanzibar, na vikundi vya zamani kama Ikhwani Safaa (kilichoanzishwa mwaka 1905) na Culture Musical Club (1958) vilikuza safu nzima ya wapiga fidla kwa mfano wa bendi kubwa za Misri. Wanamuziki wa Unguja walizifahamu bendi hizo kwa santuri, kwa redio ya Kairo na kwa filamu za Kimisri zilizoonyeshwa katika majumba ya sinema. Mombasa nako, mwimbaji Juma Bhalo (1942–2014) alijulikana kwa kutunga nyimbo juu ya sauti za filamu za Kihindi. Kwa hiyo kijana anayesimamisha simu kwenye kikombe na kuiga mkono wa mtu aliye upande wa pili wa dunia anafanya jambo ambalo babu zake wangelielewa mara moja. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kurudisha nyuma.

Bara nako hakukuwa ukiwa. Zeze la Wagogo wa Dodoma, lililojulikana nje ya nchi kupitia Hukwe Zawose, orutu ya Wajaluo na endingidi ya Uganda zote hupigwa kwa uta, na sauti hutoka kwa msuguano uleule wa nywele au nyuzi zilizopakwa ulimbo. Mtu aliyewahi kushika mojawapo ya ala hizo huanza fidla akiwa tayari na mkono wa kulia unaojua uzito wa uta.

Hali ya Njiro na Arusha

Njiro ni mtaa wa makazi, na humo zimo pia taasisi kama Chuo cha Uhasibu Arusha na ESAMI. Umeme na intaneti hupatikana. Kinachokosekana ni mwalimu wa kila wiki na fundi. Mahali pa karibu panapofundisha muziki kwa ngazi ya shahada ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kando ya barabara ya Moshi upande wa Usa River. Mwanafunzi anayejifunza kwa video hufanya vizuri akimtafuta mtu wa aina hiyo hata mara moja kwa miezi miwili au mitatu, kwa sababu nusu saa ya mwalimu anayekushika kiwiko huokoa miezi ya kurekebisha baadaye.

Jambo la pili ni hali ya hewa. Arusha iko kwenye kimo cha takriban mita 1,400, chini ya Mlima Meru, na mbao za fidla huufuata mwaka wa huko. Katika mvua za masika, Machi hadi Mei, mbao hunyonya unyevu na vigingi vya kukazia nyuzi hukwama. Kuanzia Juni hewa ni baridi, kisha kavu yenye vumbi hadi Oktoba. Mbao husinyaa, vigingi huteleza, na asubuhi mwanafunzi hukuta nyuzi zote zimelegea. Hapo wengi hudhani ala imeharibika. Dawa ni kukisukuma kigingi ndani huku ukikizungusha, na kuitunza fidla ndani ya sanduku lake, mbali na dirisha. Kuiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani ni hatari zaidi, kwa sababu gundi inayoshikilia mbao zake hulainika kwa joto na mbao huachana.

Kabla ya somo la kwanza

Masomo mengi ya video huanza na ala iliyokwisha kuandaliwa. Ala inayofika kwa mzigo kutoka Dar es Salaam au ng'ambo mara nyingi haiko hivyo, na hapa ndipo wanaoanza huvunjika moyo kabla hata ya kupiga sauti moja.

Daraja, yaani kipande cha mbao kinachoinua nyuzi, halijagundishwa. Husimama kwa mgandamizo wa nyuzi tu, na mahali pake ni kati ya vikato vidogo vilivyo katikati ya matundu mawili yenye umbo la herufi f. Mara nyingi hufika limelazwa. Ndani ya ala kuna nguzo ndogo ya mbao ambayo nayo haijagundishwa. Kwa sababu hiyo nyuzi zote nne zisilegezwe kwa wakati mmoja: nguzo ikianguka, kuirudisha kunahitaji chombo maalumu na mkono uliozoea, na mafundi wa kazi hiyo ni wachache mno nchini.

Upinde mpya hautoi sauti. Nywele zake ni laini na huteleza juu ya uzi mpaka zipakwe rozini, ambayo ni ulimbo mkavu wa msonobari. Rozini mpya nayo huwa na uso unaong'aa, hivyo hukwaruzwa kwanza kwa msasa mwembamba. Nywele hukazwa kwa skrubu iliyo kwenye kitako cha upinde, kiasi cha kuacha nafasi ya unene wa penseli kati yake na mti, na hulegezwa kila baada ya mazoezi.

Ukubwa wa ala pia ni muhimu. Mtu ambaye kipimo kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja kilichonyooshwa ni karibu sentimita 58 au zaidi hutumia fidla kamili. Watoto hutumia robo tatu, nusu au ndogo zaidi. Fidla kubwa kupita kiasi, iliyonunuliwa kwa hesabu kwamba mtoto atakua, humlazimisha mtoto kupinda kifundo cha mkono, na tabia hiyo hukaa hata ala ikibadilishwa.

Kutoka solfa kwenda kwenye nyuzi

Wanaoanza fidla Arusha wana hazina ambayo walimu wa video hawaifahamu. Wengi wao wamepitia kwaya za kanisa, ambako nyimbo husomwa kwa solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti. Video nyingi hutumia herufi, na mwanakwaya huona ameanza upya. Kwa kweli hajaanza upya.

Nyuzi za fidla, kutoka nene hadi nyembamba, ni G, D, A na E. Umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata ni uleule kila mara: ni umbali wa kutoka do hadi so. Kwa hiyo ukiwa na uzi mmoja tu ulio sahihi unaweza kuimba zilizobaki. Chukua A kutoka kwenye programu ya simu (mitetemo 440 kwa sekunde). Uite A do, imba so: hiyo ni E. Uite A so, shuka hadi do: hiyo ni D. Uite D so, shuka tena hadi do: umeipata G. Programu ya kupimia sauti hubaki ya kuhakikishia. Tahadhari moja hapa: programu nyingi huonyesha herufi bila kusema ni ya oktava gani, na uzi wa E unaokazwa kuitafuta E ya juu kupita kiasi hukatika, pengine usoni. Ukisikia sauti inazidi kupanda kuliko so uliyoiimba, simama.

Sasa vidole. Ukianza na uzi wa D ukiwa mtupu, hiyo ni do. Kidole cha shahada ni re, cha kati ni mi, cha pete ni fa. Uzi wa A ukiwa mtupu ni so, na vidole vilevile vitatu hutoa la, ti na do ya juu. Ngazi nzima imepatikana kwa vidole vitatu. Katika ngazi ya solfa, mi na fa hukaribiana, na ti na do hukaribiana. Kwa hiyo kwenye nyuzi zote mbili kidole cha kati na cha pete hugusana, huku cha shahada kikisimama peke yake. Kwenye fidla kamili, ambayo sehemu ya uzi inayotetema ina urefu wa takriban milimita 328, kidole cha kwanza hukaa karibu sentimita 3.6 kutoka kizingiti cha juu, cha pili karibu 6.8 na cha tatu karibu 8.2. Wengi hubandika vipande vyembamba vya utepe katika vipimo hivyo kwa miezi ya mwanzo.

Mpangilio huohuo ukianza na uzi mtupu wa G hutoa ngazi ya G, na ukianza na A hutoa ngazi ya A. Hivyo mwanakwaya anayejua wimbo kwa solfa anaweza kuupiga katika funguo tatu bila kubadilisha umbo la mkono, na nyimbo nyingi fupi za kwaya huenea ndani ya oktava hiyo moja.

Kuna mtego mmoja. Katika solfa ya kwaya zetu, do huhama kufuata ufunguo. Katika video za Kifaransa, zinazotazamwa sana na majirani wa Kongo, do ni C daima na re ni D daima, hata wimbo uwe katika ufunguo gani. Mtu anayechanganya mifumo hiyo miwili katika wiki moja hupotea bila kujua alipopotelea.

Mkono wa upinde

Mkono wa kushoto ndio unaoonekana kuwa na kazi, lakini sauti hutengenezwa na wa kulia. Nywele zenye rozini huushika uzi, huuvuta kidogo, uzi huchomoka na kurudi, kisha hushikwa tena, mara mamia kwa sekunde. Mambo matatu huamua kama mzunguko huo utakuwa safi: uzito wa mkono, kasi ya upinde, na mahali upinde unapopita kati ya daraja na mwisho wa ubao wa vidole. Uzito mwingi na kasi ndogo hukwaruza. Kasi kubwa bila uzito hutoa mluzi hafifu. Karibu na daraja uzi hudai uzito zaidi na kasi ndogo. Karibu na ubao hutaka kinyume chake.

Wiki mbili au tatu za mwanzo zinafaa kutumika kwenye nyuzi tupu pekee, upinde mrefu, taratibu. Ni mazoezi yasiyopendeza sana kwa jirani, na katika nyumba za kupanga zinazotenganishwa na ukuta mmoja kizibo cha mpira kinachobanwa juu ya daraja hupunguza kelele kwa kiasi kikubwa. Kisitumike muda wote, kwa sababu huficha pia makosa.

Yasiyoonekana na video

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni kwamba mwalimu wa video anaonekana lakini haoni. Haoni bega lililopanda hadi sikioni, wala kidole gumba kilichobana shingo ya fidla, wala kidevu kinachokandamiza ala kana kwamba itakimbia. Mwanafunzi naye hayahisi, kwa kuwa anasikiliza sauti. Baada ya miezi maumivu huanza shingoni, begani au kwenye kifundo cha mkono. Maumivu si dalili ya bidii. Yanapotokea, mazoezi husimamishwa siku hiyo, na yakirudi huhitaji mtu wa kutazama mkao, na pengine daktari. Dakika 20 hadi 30 kila siku huleta maendeleo zaidi kuliko saa tatu za Jumamosi, na huumiza wachache.

Usahihi wa sauti una msaada wake ndani ya ala yenyewe. Kidole cha tatu kwenye uzi wa A hutoa D, oktava moja juu ya uzi mtupu wa D. Kikikaa sawasawa, uzi wa D ambao haukuguswa hutetema wenyewe na ala nzima huvuma. Kikikosea kwa milimita moja, mvumo hupotea. Hali ni hiyohiyo kwa kidole cha tatu kwenye uzi wa D dhidi ya G. Mwanafunzi aliyejifunza kuusikiliza mvumo huo amepata mwalimu mkali asiyelipwa.

Mkao unaweza kukaguliwa kwa simu. Ikiwekwa mbele ya mpigaji kwa kimo cha daraja, huonyesha kama upinde unakwenda sambamba na daraja au unapinda kuelekea begani unapofika nchani, kosa ambalo karibu kila anayeanza analo. Kamera ya mbele ya simu nyingi hugeuza picha kama kioo, kwa hiyo ni bora kutumia ya nyuma na kutazama baadaye. Rekodi mbili za wimbo uleule, zilizopigwa kwa umbali wa mwezi mmoja, huonyesha maendeleo ambayo mpigaji mwenyewe hayasikii siku hadi siku.

Somo la moja kwa moja kwa simu ya video huziba sehemu ya pengo hilo, ingawa mwalimu na mwanafunzi hawawezi kupiga pamoja kwa sababu sauti huchelewa. Programu hizo pia hutengenezwa kwa ajili ya maongezi: huichukulia sauti ndefu ya fidla kuwa kelele na kuikata katikati. Baadhi huruhusu kuzima kipengele hicho, na hilo lifanywe kabla ya somo.

Kuchagua na kutunza masomo

Wingi wa video ni tatizo lenyewe. Walimu hutofautiana kuhusu kushika upinde, kuhusu egemeo la bega, hata kuhusu mahali pa kidevu, na kila mmoja ana sababu zake. Anayechukua kidole gumba cha mmoja na kiwiko cha mwingine huishia na mkono usio wa yeyote. Inafaa kumfuata mwalimu mmoja mwenye mfululizo uliopangwa kwa miezi sita angalau. Video fupi zinazoahidi wimbo mzima kwa dakika kumi zinafaa kwa burudani.

Somo likipakuliwa usiku kwa bando la bei nafuu hutazamwa mara nyingi bila gharama, hata umeme ukikatika. YouTube huruhusu kupunguza mwendo hadi nusu bila kushusha sauti, jambo linalosaidia sana kutazama mkono wa kulia. Nyuzi za akiba, hasa za E, ziagizwe pamoja na ala. Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza na wanafunzi waliopokezana fidla chache, na uzi ulipokatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Okestra hiyo ilifika mbali, lakini waya wa namna hiyo hulitesa daraja na haushauriwi.

Taarabu

Mwanafunzi wa Arusha anayetaka fidla ya taarabu hukutana na kikwazo kingine. Masomo mengi ya bure hufuata muziki wa Ulaya, wenye toni na nusu toni. Taarabu ya Unguja imerithi makamu za Kiarabu kama rast na bayati, ambazo zina sauti zilizo katikati ya nusu toni, na utepe uliobandikwa kwa vipimo vya hapo juu hauzionyeshi. Misri, wapiga fidla wengi hubadilisha hata nyuzi, kuzifanya G, D, G, D. Mapambo ya kidole, kuteleza kutoka sauti hadi sauti na namna ya kumjibu mwimbaji hujifunzwa kwa kukaa karibu na wapigaji. Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 2002, imefundisha fidla ya aina hii pamoja na udi na kanuni, ingawa mwaka 2019 ilitangaza kuwa iko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Kwa asiyeweza kuvuka bahari, rekodi za Culture Musical Club zikisikilizwa kwa mwendo wa polepole, kipande kwa kipande, hufundisha zaidi ya video yoyote ya jumla.

Mitihani

Anayejifunza kwa video anaweza kupimwa bila kuwa na shule. Bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ABRSM, iliyoanzishwa mwaka 1889, ilianzisha mwaka 2020 mitihani ya kupiga ambayo mtahiniwa hujirekodi kwa video moja isiyokatwa na kuituma kwa intaneti. Ada hulipwa kwa fedha za kigeni na si ndogo. Hata hivyo mtihani huo humpa mwanafunzi kitu ambacho masomo ya video hayampi: maoni ya maandishi kutoka kwa mtu aliyemsikiliza yeye mwenyewe.